Mama Misumari Amwaga Oili

Watu walimwita Mama Misumari kwa sababu akiwa kazini mdomo wake hujaa misumari. Alikuwa fundi wa makochi, na kazi ile inataka mikono mitatu: mmoja uvute kitambaa, mwingine ushike nyundo, na wa tatu utoe msumari. Huo wa tatu Mungu hakumpa, basi aliibana misumari kati ya midomo na kuisukuma nje kwa ulimi, mmoja mmoja, kadiri nyundo ilivyohitaji. Kwa pembe ya mdomo huohuo aliwasalimu wapita njia, akavutana bei na wateja, akamkanya mshonaji wake asikaze uzi kupita kiasi. Waliomzoea walijua dalili moja tu. Ukiona anaitema misumari kiganjani, taratibu, bila neno, jua kwamba maneno yanakuja, na hayatakuwa ya kubembeleza.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alifia njiani, lori lake lilipotumbukia bondeni, mtoto wao wa pekee akiwa bado anapelekwa shule kwa kushikwa mkono. Alimwachia mjane wake chumba kimoja cha kazi, mtoto, na pikapu ambayo tangu enzi hizo ilikuwa imeshachoka. Pikapu ile ndiyo iliyobeba makochi mtaa kwa mtaa, ikamlisha, ikamsomesha mtoto. Mumewe alikuwa amemfundisha kuitunza mwenyewe. Kila oili ilipoisha nguvu, mke alilala chini kwenye gunia, mume akasimama juu yake na kusema, "Fungua kama unafungua chupa ya dawa ya mtoto. Polepole, usije ukajimwagia." Baada ya kufiwa aliendelea kuifanya kazi hiyo peke yake, na hakuna gereji iliyowahi kuiona pikapu ile ila kwa mambo makubwa.

Mtoto alikua, akasoma, akapata kazi nzuri katika kampuni ya bima. Akaoa. Akajenga nyumba yenye geti linalojifungua lenyewe. Kisha siku moja akamletea mama yake gari.

Halikuwa gari la mchezo. Lilikuwa jeusi, refu, viti vya ngozi laini kuliko ngozi yoyote aliyowahi kuipigilia msumari. Linawaka kwa kubonyeza kitufe. Lina skrini pana kama kioo cha kinyozi. Majirani walitoka nje wakashika vifua. Mama Misumari naye alilia, tena machozi ya kweli, akamkumbatia mwanawe mbele za watu. Kesho yake asubuhi akatoka kwenda kupeleka kochi la mteja, akakuta pale pikapu inapolala pana doa la oili tu.

Akampigia simu mwanawe. "Pikapu yangu imeibiwa."

"Haijaibiwa, mama. Nimeiuza. Jamaa ameichukua alfajiri, sikutaka kukuamsha."

"Umeuza nini?"

"Mama, ule mkweche ulikuwa unatutia aibu. Sasa una gari la maana. Pumzika."

Akaitema misumari kiganjani. Lakini mshonaji alikuwa pale, na mteja mwingine alikuwa pale, na jana yake tu mtaa mzima ulikuwa umemwona akilia kwa furaha. Akayameza maneno. Baadaye alimwambia mshonaji kwamba hilo ndilo lilikuwa kosa: maneno yaliyomezwa hayasagiki, yanakaa tumboni kama mfupa.

Gari la kifahari halibebi kochi. Alijaribu kulaza viti vya nyuma na kuingiza fremu ya kiti kimoja, mguu wa kiti ukakwaruza ngozi, na jioni hiyo mwanawe akaja, akakagua, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo kama daktari anayetafuta uvimbe. Kuanzia hapo makochi yakawa yanapelekwa kwa mkokoteni wa kukodi, na fundi mwenyewe akiufuata nyuma kwa gari jeusi, polepole, taa za tahadhari zikiwaka, kama msafara wa kiongozi unaosindikiza kochi. Watoto wa mtaa walipiga saluti. Watu wazima waligeuza nyuso wacheke upande.

Hilo angeweza kulivumilia. Alichoshindwa ni simu.

"Mama, jana mbona ulipita barabara ya juu? Ile ina mashimo."

"Nani kakuambia nimepita barabara ya juu?"

"Naona kwenye simu. Gari linatuma taarifa."

Mwanzoni alidhani ni utani. Haukuwa utani. Gari lilimwambia mwanawe liko wapi, limekwenda kwa kasi gani, limesimama muda gani na mahali gani. Alipokwenda kumwona rafiki yake mgonjwa, mwanawe alipiga kuuliza anafanya nini upande ule. Alipoliacha dukani madirisha yakiwa wazi, simu ikalia kabla hajamaliza kuchagua kitambaa. Mama mzima, mwenye mvi, akawa anatoa maelezo kama binti aliyechelewa kurudi kutoka kisimani. Na moyoni alishaamua nani ametia fitina. Mwanawe hakuwa hivyo kabla ya kuoa. Ni yule mkewe, mtoto wa watu mwenye maneno machache na kucha safi, ndiye anayemnong'oneza mumewe kwamba mama mkwe ataharibu mali.

Hasira hasa ilimkuta gereji. Skrini ilianza kuandika kwamba oili inahitaji kubadilishwa. Mwanawe akamwelekeza gereji ya kampuni iliyouza gari, kwamba huko ndiko kunakoruhusiwa na si kwingine. Akaenda. Sakafu yao ilikuwa nyeupe kuliko sahani zake. Mpokea wageni, kijana mtanashati mwenye kompyuta ya mkononi, akamkalisha kwenye kochi ambalo springi zake zilikuwa zimekwisha upande mmoja, akamletea kahawa, akatoweka. Alipoonekana tena, alimpita Mama Misumari, akaenda kuongea kwa simu dirishani, akarudi.

"Tayari mama, gari lako litabaki kwetu hadi keshokutwa. Kuna na vitu vingine vitabadilishwa."

"Vitu gani?"

"Usijali, mama. Tumeshaongea na mwenye gari."

Mdomoni hakuwa na misumari, lakini mkono wake ulipanda wenyewe, kiganja wazi, kuipokea.

"Mwenye gari ni nani?"

Kijana akatabasamu, akadhani anaulizwa swali jepesi. "Mtoto wako, mama. Yeye ndiye tuliyenaye kwenye mfumo. Wewe upo kama..." akatazama kompyuta yake, "kama mtumiaji."

"Nipe ufunguo."

"Mama, kazi haijaanza..."

"Ndiyo maana nataka ufunguo."

Aliondoka pale akiendesha huku akijisemesha. Mtumiaji. Aliyemzaa huyo mwenye gari, akamnyonyesha, akamfuta mavi, akashona makochi hadi vidole vikapinda ili asome, leo ni mtumiaji, kama wa choo cha stendi. Alipofika kwenye taa nyekundu alikuwa anaongea kwa sauti, na mwendesha pikipiki wa pembeni akamwuliza kama yuko salama. Akamwambia atazame mbele.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa muuza spea aliyemuuzia oili ya pikapu miaka yote, mzee mcheshi mwenye duka jembamba kama shimo la ufunguo, vitu vimening'inia hadi kwenye dari.

"Nipe oili na filta ya gari hili."

Muuza spea akatoka nje, akalizunguka gari, akapiga mluzi. "Hili nalo lina filta? Nilidhani linakunywa maji ya baraka."

"Leo sina meno ya kuchekea."

"Naona." Akaacha utani. Akasoma maandishi kwenye mlango wa gari, akapiga simu kwa mwenzake, akamtuma mtu, na baada ya kusubiri sana filta ikaja ndani ya boksi lake, na mpira wake, na washa mpya, kipete cha kuzuia nati ya chini isivuje, na madumu ya oili ya namna ileile iliyotakiwa. Alimweleza pole pole: filta ya gari hili iko juu, si chini kama ya pikapu, chini kuna bamba la plastiki lazima litolewe kwanza. "Na usihangaike kutafuta kijiti cha kupimia oili. Hakuna."

"Kimepotea?"

"Hakijawahi kuwepo. Unaliuliza gari kwenye skrini, lenyewe linakuambia."

Mama Misumari akalitazama gari. "Kwa hiyo hata oili yake hutaruhusiwa kuiona."

"Ndiyo ukubwa huo, dada yangu. Mkubwa hapimwi."

Jumapili asubuhi karakana ilikuwa imefungwa kwa wateja. Alikwisha kutengeneza njia mbili za kupandishia magurudumu ya mbele, kwa mbao ngumu za fremu za makochi alizozipanga tabaka juu ya tabaka na kuzipigilia misumari mirefu. Mshonaji wake, mwanamke wa makamo ambaye alimjua tangu wakiwa na mashine moja ya kushirikiana, alikuja kumsaidia ingawa hakuitwa. Alisimama mbele na kumwongoza kwa mikono: njoo, njoo, kidogo, basi. Gari likapanda. Mbao zikalia kidogo, zikatulia. Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Injini alikuwa ameiwasha kwa muda mfupi tu, oili ipate uvuguvugu itiririke vizuri. Akaizima, ufunguo akautupa kwenye kiti, akafunga mlango, akafungua boneti.

"Una hakika?" mshonaji aliuliza.

"Sina hakika na kitu kingine chochote. Hili tu ndilo nina hakika nalo."

Akatandika gunia, akajilaza chali, akajiburura hadi chini ya injini. Hapo chini palimkumbusha mambo mengi, lakini hakuwa na nafasi ya kukumbuka, kwa maana lile bamba la plastiki lilikuwa na skrubu kila pembe, nyingine zimeota kutu, nyingine zimezibwa na tope. Alizitukana moja moja. Alilitukana bamba, akaitukana kampuni iliyoliweka, akamtukana mpokea wageni na kahawa yake. Bamba likaanguka, likampiga kwenye paji la uso, akalitukana tena. Kisha nati ya oili ikaonekana, safi, mahali pake, nati kama nati nyingine zote duniani. Hapo akanyamaza. Akasogeza beseni. Akatia spana, akavuta, ikagoma. Akavuta kwa mikono miwili, ikakubali. Akamalizia kwa vidole, polepole, na kuuondoa mkono haraka mwishoni. Oili ikashuka, nyeusi, nene, yenye mvuke kidogo, ikaingia kwenye beseni kwa sauti ya uji.

"Kumbe ni nyeusi kama ya pikapu," alisema kutoka chini.

"Ulitaka iwe ya dhahabu?" mshonaji akajibu.

Simu ikalia. Mshonaji akaitoa kwenye mfuko wa aproni ya mwenzake iliyotundikwa ukutani, akaitazama, akainama na kuiweka sauti ya juu.

"Mama, gari linaniambia boneti iko wazi. Kuna nini?"

"Namwaga oili."

"Unamwaga nini?"

"Oili. Ile ambayo watu wako walitaka kunimwagia keshokutwa."

"Mama, acha. Usiguse kitu. Hilo si gari la kuchokonoa. Ukiliwasha bila oili injini inakufa palepale, unaelewa?"

"Nimeanza kumwaga oili hujaacha kukojoa kitandani. Unanieleza mimi injini inavyokufa?"

"Mama, nasema acha."

"Na mimi nasema nimelala chini ya gari, oili inadondoka karibu na sikio langu, sina muda. Tutaongea."

Akamwashiria mshonaji akate. Mshonaji alikuwa bado anatafuta mahali pa kubonyeza aliposikia sauti ya *kwap*, milango minne kwa pamoja. Taa zikawaka mara moja na kuzima.

"Ni nini hiyo?" Mama Misumari aliuliza, ingawa alijua.

Mshonaji akavuta mlango. Ukagoma. Akachungulia kiooni. "Ufunguo uko kwenye kiti," alisema.

Sauti ya mwanawe ilikuwa bado simuni. "Nimefunga, mama. Kwa usalama. Nakuja sasa hivi."

Mama Misumari alitoka chini ya gari. Mshonaji alisimulia baadaye kwamba katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja alikuwa amemwona akipiga kelele, akirusha nyundo, akimfukuza mteja na mto wake, lakini hakuwahi kumwona vile. Hakupiga kelele. Uso ulikuwa na oili hadi kwenye nyusi, na midomo ilikuwa imekaza kana kwamba imebana misumari yote ya duniani. Akaiendea nyundo ukutani. Akaishika. Akaenda hadi kwenye kioo cha dereva, akasimama.

"Dada," mshonaji alisema.

Mama Misumari akajiona kwenye kioo. Kisha akairudisha nyundo mahali pake, akachukua filta.

"Boneti iko wazi," alisema. "Kwamba kufunga milango hakuzuii kazi, hilo halikumpitia akilini."

Alimaliza kazi yote kwa hasira ileile. Alifungua kifuniko cha filta, akatoa ya zamani, akaweka mpya, akaupaka mpira oili kwa kidole, akakaza. Akarudi chini, akaweka washa mpya, akafunga nati. Akamimina oili mpya, ambayo kweli ilikuwa na rangi ya asali, dumu baada ya dumu, kama alivyoelekezwa. Alikuwa anafuta mikono kwa kipande cha kitambaa cha kochi wakati gari la mwanawe lilipoingia kwa kasi na kusimama katikati ya uwanja.

Mwanawe alishuka. Mkewe hakushuka. Alibaki kwenye kiti cha mbele akiangalia simu yake mapajani, wala hakuinua uso kumsalimu mama mkwe. Mama Misumari aliliona hilo na kuliweka akiba.

"Umeona ulichofanya?" mwanawe alisema, akitazama mbao, mawe, beseni.

"Fungua."

"Mama, kwanza tuongee. Hili gari likiharibika..."

"Fungua mlango."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile ambacho mwanawe alikijua tangu akiwa na kaptula. Akatoa simu, akabonyeza. Milango ikaachia. Mama yake akaingia na oili yake yote, akakaa kwenye ngozi laini, akabonyeza kitufe. Injini ikawaka bila kelele. Akashuka, akapiga magoti, akachungulia chini kama kuna panapovuja. Hapakuvuja. Wakasubiri pale, watatu wamesimama, hadi injini ikapata moto. Skrini ikaandika kwamba kiwango cha oili kiko sawa.

"Soma," akamwambia mwanawe.

"Nimeona."

"Soma kwa sauti, huyo mwingine naye asikie aliyekaa huko."

"Mke wangu anaingiaje hapa?"

"Nimesema nilichosema. Sasa lichukue. Literemshe hapo, mimi sitaki kuliona."

"Mama, nilikupa zawadi."

"Zawadi inafungwa kwa utepe. Hii umeifunga kwa kamba na mwisho wa kamba umeushika wewe. Uliuza pikapu yangu nikiwa nimelala. Leo umenifungia mlango nikiwa chini ya gari, mimi mama yako. Ningekuwa nimeumia je? Ungebonyeza nini?"

Mwanawe alikuwa na hasira za mama yake, ila zake zilikuwa za kimya, za kukaza taya. Akalirudisha gari nyuma taratibu kutoka kwenye mbao, akamwita mkewe kwa ishara ya mkono. Mkewe akashuka, akaingia kwenye lile jeusi, akashika usukani, na wakaondoka wakifuatana. Mshonaji akabaki na beseni la oili chafu mikononi, akauliza litupwe wapi. "Usilitupe," Mama Misumari alisema. "Mpelekee muuza spea, ana pipa lake." Akaingia ndani, akaketi juu ya godoro la sponji ambalo halijavishwa.

Mama na mwana hawakuongea tena. Mwanawe alipiga, mama hakupokea. Kisha naye akaacha kupiga. Makochi yaliendelea kwenda kwa mkokoteni, safari hii fundi akiufuata kwa miguu, na watoto hawakupiga saluti tena. Kila aliyemshauri amsamehe mtoto alijibiwa kwamba mtoto hana kosa, kosa ni la anayemtia maneno. Aliyasema haya kwa wateja, kwa mshonaji, kwa muuza spea, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Alasiri moja ya jua kali mkwewe akatokea kwenye mlango wa karakana. Alikuwa kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani, jasho likimtoka. Hakuwa na kucha zile safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliisema kwa pembe ya mdomo, misumari ikiwemo. "Gari limeharibika?"

"Gari ni zima. Nimeliacha sokoni."

"Kwa nini?"

Mkwe akatafuta pa kukaa, akaketi kwenye fremu ya kochi isiyo na kitu. "Ili lionekane liko sokoni," alisema. "Simu nayo nimeiacha ndani ya gari. Hivi sasa mume wangu anajua nanunua nyanya."

Mama Misumari akaiacha nyundo.

"Tangu ulipolikataa, kanipa mimi," mkwe aliendelea. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilikuwa inachemka. "Nikichelewa kidogo, simu. Nikipita kwa mama yangu mzazi, simu. Juzi nimesimama kando ya barabara kulia kidogo tu, mama, mtu halii hata dakika kumi, akapiga kuuliza mbona gari limesimama. Na kabla ya gari alikuwa ananifuatilia kwa simu yangu ya mkononi. Siku ile hapa kwako, unakumbuka nilikuwa nimeinama? Nilikuwa namwandikia ujumbe tangu njiani kwamba akufungulie mlango. Kuongea haiwezekani akiwa amekasirika, hasikii, basi nilimwandikia, yeye akiwa pembeni yangu anaendesha. Ulipofungua mdomo ukanitaja, sikuwa na uso wa kushuka."

Misumari ikatemwa kiganjani, mmoja, miwili, mitatu. Mshonaji akasimamisha mashine. Lakini safari hii Mama Misumari alifumba kiganja hadi misumari ikamchoma.

"Nimekusema vibaya mji mzima," alisema hatimaye.

"Nimesikia."

"Haya. Nitalirekebisha mtu kwa mtu, kama nilivyolitengeneza." Akainuka. "Mshonaji, nipe simu yangu."

Alimpigia mwanawe, naye akapokea kabla mlio haujakwisha.

"Njoo hapa. Mkeo yuko kwangu."

"Yuko sokoni."

"Gari ndilo liko sokoni. Mkeo ameketi mbele yangu, ana vumbi hadi magotini. Njoo."

Alikuja akiwa amefura, amejiandaa kugomba na mkewe kwa kumdanganya. Hakupata nafasi. Mama yake alimsimamisha katikati ya karakana, kati ya makochi yaliyochanika matumbo, akamwaga yote: pikapu, gereji, mtumiaji, mlango, na sasa binti wa watu anatembea juani ili apate saa moja ya kutojulikana alipo. Hakuchagua maneno. Mshonaji alitoka nje kwa adabu, akasimama pale ambapo bado angeweza kusikia.

Mwanawe alivumilia, kisha akalipuka.

"Baba alikaa bondeni siku ngapi, mama? Siku ngapi, hatujui aliko? Wewe ulikuwa unazunguka kuuliza vituoni, mimi nimeketi kizingitini. Kila lori likipita nasimama. Hakuna mtu aliyejua. Kama kungekuwa na hiki kitu," akainua simu, "wangemkuta akiwa bado anapumua. Waliomtoa walisema hivyo. Mimi nilisikia, mlidhani nimelala."

Mama Misumari alikuwa hajui kwamba mtoto alisikia. Alijishikilia kwenye mgongo wa kochi. Kwa muda ilionekana hasira zimemwisha, na mkwe akaanza kulia kimya kimya. Lakini Mama Misumari alipoongea sauti ilikuwa bado kali, ila imeshuka.

"Basi ungesema. Ungeniambia, mama, naogopa. Ningekupigia mwenyewe kila jioni. Lakini hukusema unaogopa, umesema mimi ni mtumiaji. Baba yako hakufa kwa sababu alikuwa huru kwenda anakokwenda. Alikufa kwa sababu ya breki za tajiri wake. Mimi si lori lililopotea. Na huyu si lori. Ukitushika hivi tutakimbia, tena tutakimbilia mahali ambapo hiyo simu yako haifiki, na siku tukitumbukia kweli bondeni utakuwa unatazama gari lililoegeshwa sokoni."

Mwanawe akakaa kwenye fremu ile ile, pembeni ya mkewe, si karibu sana. Alikaa akiishika simu kwa mikono miwili. Mwishoni akaanza kubonyeza, akabonyeza tena, uso umekunjamana kama wa mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. Akamwonyesha mkewe. Mkewe akatazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Nimejitoa," alisema. "Gari nimeliandika kwa jina lako," akamwambia mkewe. Hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, alikotoa tabia hiyo kunajulikana.

"Na ule mlango ulionifungia siku ile?" mama yake aliuliza. "Huo nao nani ataufuta?"

"Mama, nimeshasikia."

"Sijui kama umesikia. Nitakutazama."

Mwanawe aliondoka na mkewe wakaenda kulichukua gari sokoni, kwa miguu, maana lake alikuwa ameliacha mbali kwa sababu ya malori ya mchanga yaliyoziba njia. Walitembea bila kushikana mikono na bila kutengana. Mama Misumari aliwatazama hadi walipopotea, kisha akamgeukia mshonaji na kumwambia kwamba kazi ya watu haijimalizi yenyewe.

Kesho yake jioni simu ikalia.

"Mama, uko..." mwanawe alianza, akasita. "Unafanya nini?"

Mama Misumari aliitoa misumari mdomoni ili aongee vizuri. Akamweleza kwamba anavalisha kochi la mwalimu mmoja mstaafu anayetaka kitambaa cha maua makubwa, na kwamba maua hayo hayakutani kwenye mshono hata ufanye nini, na mwalimu mwenyewe ni mbishi, kila siku anakuja na rula. Alieleza kwa urefu, tena kwa ukali, na mwanawe akasikiliza hadi mwisho.